Mchimba Kisima Huingia Mwenyewe



Kila mwaka, mvua za Novemba zikianza kunyesha katika nchi yetu ya Katanga ya Juu, maneno yale yale husikika katika nyumba za Kasapa: "Mvua imeleta homa." Maneno hayo yana ukweli, lakini ni nusu ya ukweli. Mvua hunyesha juu ya paa, juu ya barabara, juu ya msitu na juu ya mto, wala si kila inaponyesha huzaa homa. Maji yakipata njia huenda zake mtoni. Yakikosa njia hukaa; na yakikaa juma moja au mawili, mbu huwa amekwisha kulea watoto wake ndani yake. Basi yafaa tuulize: ni nani aliyeyatengenezea maji mahali pa kukaa?

Mara nyingi jibu ni sisi wenyewe. Leo twataka kueleza jinsi shoka, jembe na sepetu zetu zinavyobadilisha ugonjwa wa malaria, kuuongeza au kuupunguza. Jambo hili si dogo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2023 malaria iliua watu wapatao 597,000 duniani, wengi wao watoto wa Afrika wasiotimiza miaka mitano. Na nchi yetu ya Kongo ni ya pili, baada ya Nigeria, kwa wingi wa wagonjwa.

Mbu na maji yake

Wanafunzi wetu wamekwisha kusoma habari hizi shuleni, lakini wazazi wengine hawakupata nafasi hiyo. Kwa hiyo tuzikumbushe kwa ufupi. Mwaka 1880 daktari Mfaransa Alphonse Laveran, akiwa Constantine katika Algeria, aliona vijidudu vya malaria ndani ya damu ya askari mgonjwa. Mwaka 1897 daktari Mwingereza Ronald Ross, akiwa Secunderabad katika India, aliona vijidudu hivyo ndani ya tumbo la mbu. Tangu hapo ikajulikana kwamba homa hii haitoki katika hewa mbaya, wala katika embe bichi, wala katika jua kali. Hutoka kwa mtu mgonjwa na kumfikia mtu mzima kwa njia ya mbu jike wa jamaa ya anofelesi.

Lakini si kila mbu ni anofelesi, na si kila maji humfaa. Yule mbu wa chooni na wa mifereji michafu inukayo hutuudhi usiku kwa kelele zake, lakini hachukui malaria. Wanaoichukua kwetu ni hasa wawili. Wa kwanza huitwa na wataalamu Anopheles gambiae. Huyu hupenda maji madogo, mapya, yasiyo na majani, yaliyo wazi kwa jua: kidimbwi cha kando ya njia, alama ya gurudumu la gari, shimo la udongo. Wa pili huitwa Anopheles funestus. Yeye hupenda maji ya kudumu yenye majani na kivuli pembeni, kama ukingo wa bwawa au wa dambo. Tuwaweke wote wawili moyoni, maana bila kuwatofautisha hatutaelewa yanayofuata.

Tena kuna jambo la joto. Kijidudu cha malaria kikiingia ndani ya mbu hakiwi tayari siku ile ile. Lazima kikomae kwanza, na kukomaa kwake kwategemea joto. Joto likiwa digrii 25, huhitaji siku kumi na mbili hivi. Likiwa digrii 20, huhitaji karibu majuma manne, na mbu wengi hufa kabla ya kufikisha siku hizo. Likishuka chini ya digrii 16, hakikomai kabisa. Sisi tunaokaa Lubumbashi, mita 1,200 hivi juu ya bahari, twaijua baridi ya Juni na Julai. Baridi hiyo ni rafiki yetu, ingawa twailalamikia. Basi lo lote tunalolifanya linaloongeza joto la nchi, hata kwa digrii moja tu, humpunguzia mbu siku za kungoja.

Kasapa: kutoka kichuguu hadi shimo

Wengi hulijua jina la Kasapa kwa sababu ya majengo ya Chuo Kikuu, kilichoanzishwa mwaka 1956, au kwa sababu ya gereza. Lakini kabla ya majengo hayo, nchi hii ilikuwa msitu wa miyombo, na kati ya miti palisimama vichuguu vikubwa vya mchwa, ambavyo vingine vyapita mita tano kwenda juu. Bado vipo, na mgeni akiviona kwa mara ya kwanza hudhani ni vilima.

Tuangalie sasa namna mtaa mpya unavyozaliwa. Kwanza huja shoka. Miti hukatwa, ikachomwa iwe makala ya kupikia, na magunia yakapelekwa mjini. Jua, lililokuwa likizuiwa na majani, sasa hupiga udongo moja kwa moja. Kisha huja mwenye kiwanja, naye ataka kujenga. Huangalia huku na huku, akaona kichuguu. Udongo wa kichuguu ni mfinyanzi mzuri. Mchwa wameuchambua na kuupandisha kutoka chini kwa miaka mingi sana. Basi wakati wa kiangazi vijana hukivunja, hufyatua matofali, huyaanika, huyapanga kuwa tanuru, huyachoma kwa kuni za miti iliyobaki. Nyumba inajengwa. Ni kazi ya kusifiwa. Baba anayewajengea watoto wake nyumba ya matofali yaliyochomwa amefanya jambo jema.

Lakini tazameni mahali pale kichuguu kilipokuwa. Kichuguu kilikuwa mlima mdogo, na maji hayakai juu ya mlima. Udongo wake ulipokwisha, watu hawakuacha. Walishuka chini ya usawa wa nchi, wakachimba mita moja, pengine mbili. Mahali pa mlima sasa pana shimo. Na hapa pana jambo la kufikiri vizuri: udongo ule ule unaofaa kwa tofali, ndio usiopitisha maji kwa urahisi. Shimo la mchanga lingeyanywa maji ya mvua kwa siku mbili tatu. Shimo la mfinyanzi huyaweka kama sahani. Halina majani, maana limechimbwa karibuni. Halina kivuli, maana miti imekatwa. Halina samaki wala kerengende wengi wa kula viluwiluwi, maana ni jipya. Maji mapya, wazi, yenye jua: kama mtu angetaka kumjengea Anopheles gambiae nyumba ya kifahari, asingejenga tofauti na hivyo.

Mbu jike mmoja hutaga mayai kati ya hamsini na mia mbili kwa safari moja. Mvua zetu hudumu tangu Novemba hadi Machi, pengine zikagusa Aprili. Kwa miezi mitano shimo lile hulea kizazi baada ya kizazi. Na nyumba iliyo karibu nalo kuliko zote ni ipi? Ni ile iliyojengwa kwa matofali yake. Wahenga walisema: Mchimba kisima huingia mwenyewe. Walikuwa wakisema juu ya mtu mwenye hila anayemtegea mwenzake. Hapa mchimbaji hana hila hata kidogo. Alitaka tu kuwajengea watoto wake. Hata hivyo, wanaoingia ndani ya kisima chake ni watoto wake na wa jirani.

Mashimo si ya matofali peke yake. Kuna mashimo ya wachimbaji wa madini yaliyoachwa baada ya kazi. Kuna visima vifupi vya bustani, ambamo mama zetu huchota maji ya kumwagilia lengalenga na matembele wakati wa kiangazi. Na hivi ni vya hatari ya pekee, kwa sababu humpa mbu maji hata katika miezi ambayo mvua imekatika. Kuna alama za magurudumu ya malori katika njia zisizo na mifereji. Hakuna hata kimoja kilichofanywa kwa nia mbaya. Vyote ni kazi ya mikono inayotafuta riziki.

Shoka lina makali mawili

Msomaji mmoja aweza kusema: "Basi dawa ni kuacha msitu kama ulivyokuwa." Wala si rahisi hivyo, na historia yatufundisha.

Mwaka 1900 daktari Mwingereza, Malcolm Watson, alifika Malaya, nchi ambayo leo ni sehemu ya Malesia. Katika mji wa Klang, ulio katika tambarare karibu na bahari, homa ilikuwa ikiua watu wengi. Mwaka 1901 alisimamia kazi ya kutoa maji ya vinamasi na kufyeka msitu, na homa ikapungua sana. Mbu wa tambarare zile alikuwa mpenda kivuli. Miti ilipoondoka, naye akaondoka. Watu wakafurahi, wakadhani wamepata kanuni: fyeka msitu, utapona. Wakaenda kufyeka vilima ili kupanda mipira. Huko homa ikazidi badala ya kupungua! Katika vijito vya vilimani alikaa mbu mwingine, mpenda jua, aliyekuwa akizuiwa na kivuli cha msitu. Shoka lile lile lililoponya tambarare lilileta ugonjwa vilimani.

Karibu nasi zaidi, katika nyanda za juu za Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda, mabonde yalikuwa yamejaa mafunjo. Watu walipoongezeka na mashamba kupungua, waliyatoa maji, wakang'oa mafunjo, wakapanda mazao. Wataalamu waliopima huko, na kutangaza habari zao mwaka 2000, waliona kwamba kando ya mabonde yaliyolimwa joto lilikuwa zaidi kuliko kando ya mabonde yaliyobaki na mafunjo. Na kadiri joto la usiku lilivyokuwa juu, ndivyo mbu walivyokuwa wengi zaidi ndani ya nyumba. Huko Kakamega, magharibi mwa Kenya, wengine walipima ndani ya nyumba zilizo katika msitu na zilizo mahali msitu ulipokatwa. Nyumba za mahali palipokatwa zilikuwa na joto zaidi kwa kadiri ya digrii moja, na mbu wake walikomaza mayai kwa siku chache zaidi. Kumbukeni hesabu yetu ya digrii 20 na digrii 25: kwetu sisi wa nchi ya juu, digrii moja si kitu cha kudharau.

Mahindi nayo yana lake. Zamani wakuu wa miji mingi ya Afrika walikataza kupanda mahindi karibu na nyumba, wakidhani kwamba mbu huzaa katika maji yanayokaa kwenye makwapa ya majani. Hilo halikuwa sawa kwa mbu wa malaria. Lakini wataalamu waliofanya kazi Ethiopia waligundua jambo lingine: vumbi la maua ya mahindi likianguka katika vidimbwi, viluwiluwi hulila, wakanenepa na kukomaa upesi. Kwa hiyo mahindi peke yake hayana hatia, wala kidimbwi kisicho na chakula hakilei mbu wengi. Viwili hivyo vikiwa jirani, mavuno ya mbu huwa makubwa.

Ni fundisho gani basi? Ardhi haigeuzwi bila malipo. Anayeigeuza hana budi kujua ni mbu gani anayemfukuza na ni mbu gani anayemkaribisha.

Njia mbili za zamani

Mji wetu ulianzishwa mwaka 1910, kwa jina la Élisabethville, reli ya kutoka Rhodesia ilipofika. Homa ilikuwa tele. Serikali ya Wabelgiji ilifanya nini? Mwanzoni mwa miaka ya 1920 mtaa wa Waafrika ulihamishiwa mahali papya, ukaitwa Cité Albert. Ndio huu tunaouita leo Kamalondo. Kati yake na mji wa Wazungu pakaachwa ukanda usiojengwa, wenye upana wa mamia kadhaa ya mita. Madaktari wa siku zile walieleza kwamba damu ya Waafrika, na hasa ya watoto wao, ilikuwa ghala ya malaria, na kwamba mbu asingeweza kuruka upana ule. Lakini mbu huweza kuruka hata zaidi ya kilometa moja. Tena kila asubuhi wapishi, walezi wa watoto na wafanyakazi walivuka ukanda ule kwenda kazini, wakarudi jioni. Ukanda ulitenga watu. Maji yaliyotuama, upande huu na upande ule, hayakuulizwa neno.

Ng'ambo ya mpaka, katika Ukanda wa Shaba wa Zambia, ilifuatwa njia nyingine. Huko Luanshya, kampuni ya shaba ya Roan Antelope ilianza kuchimba mgodi mwishoni mwa miaka ya 1920. Wafanyakazi walikufa wengi kwa malaria na kwa magonjwa ya tumbo, na wengine wakatoroka. Kulikuwa na habari iliyosemwa na watu wengi: kwamba ndani ya mto Luanshya amekaa nyoka wa ajabu, naye ndiye anayewaua wanaokaa kando ya maji yake. Tusiwacheke. Watu hawa walikuwa wameona sawasawa kwamba kifo chatoka mtoni. Walikosea tu umbo la muuaji.

Kampuni iliita wataalamu wa Taasisi ya Ross ya London, na aliyekuja ni yule yule Malcolm Watson, sasa mzee mwenye maarifa ya miaka thelathini. Hakuhamisha watu. Alishughulika na maji. Mto uliosongwa na matete ulisafishwa na kunyoshwa ili maji yakimbie. Vinamasi vilichimbiwa mifereji. Vidimbwi vidogo visivyoweza kukaushwa vilimwagiwa mafuta kila juma. Madirisha yaliwekwa wavu, na wagonjwa wakapewa kwinini. Waliochunguza baadaye daftari za migodi minne ya Ukanda wa Shaba, tangu mwaka 1929 hadi 1949, walikuta kwamba ndani ya miaka mitatu hadi mitano ugonjwa na vifo vya malaria vilishuka kwa asilimia 70 hadi 95. Wakati ule dawa ya DDT ilikuwa bado kufika. Kazi ilianza kwa sepetu, panga na mafuta.

Hatusemi kwamba kampuni ile ilifanya hivyo kwa huruma. Ilitaka shaba, na mfanyakazi mgonjwa hachimbi. Lakini maji hayaulizi nia ya mtu, hufuata mfereji. Na jambo la pili tujifunze: kazi ile ilifaa kwa sababu iliendelea kila juma, mwaka baada ya mwaka. Mfereji usiosafishwa hugeuka kuwa bwawa refu.

Mbu wa mtungi

Kabla ya kufika kwenye mashauri, tuwataje kwa haraka mbu wanaokaa nyumbani kabisa. Mwaka 1952, katika uwanda wa juu wa Wamakonde, upande wa Newala, kusini mwa Tanganyika, uliibuka ugonjwa wa homa na maumivu makali ya viungo. Wamakonde wakauita chikungunya, kwa maana humkunja mtu akainama. Nchi ile ina shida ya maji, na watu waliyaweka nyumbani kwa siku nyingi; mbu mweusi mwenye madoa meupe, aitwaye Aedes, akazaa humo. Mbu huyo huyo hueneza homa ya manjano, ambayo mwaka 2016 ilitoka Angola ikaingia Kongo, hata watu wengi wa Kinshasa wakachanjwa.

Na kuna anofelesi mgeni kutoka Asia, aitwaye Anopheles stephensi, aliyeonekana Djibouti mwaka 2012, kisha Ethiopia, Sudan, Somalia, Nigeria na Kenya. Yeye huzaa katika matangi na mapipa ya maji mjini, naye huchukua malaria. Kwa hiyo anayesema "malaria ni ya mashambani" atazame mapipa yake.

Tufanye nini?

Kuna atakayesema: "Mwalimu, sisi tunalala ndani ya chandarua, yatosha." Chandarua chenye dawa ni kinga kubwa, na asiache mtu kukitumia hata usiku mmoja. Vilevile mtoto mwenye homa apelekwe kwenye kituo cha afya, apimwe damu, apewe dawa kamili. Lakini chandarua humlinda mtu akiwa kitandani. Jioni, mama akipika nje na mtoto akisoma kibarazani, wote wawili wako nje ya chandarua. Na shimo lililo wazi hutuma mbu kila usiku, mwaka mzima wa mvua. Mwenye nyumba inayovuja huweka ndoo chini ya tundu. Hafanyi vibaya, lakini afadhali apande na kuziba paa.

Mwingine atasema: "Shimo si langu." Hapa ndipo penye shida yenyewe katika mitaa yetu. Mwenye kiwanja amewauzia vijana udongo. Vijana hulipwa kwa hesabu ya matofali. Tofali la mwisho likitoka tanuruni, wanahamia mahali pengine. Mnunuzi ameyachukua matofali kwa lori. Shimo limebaki bila baba wala mama. Anayelilipia ni jirani, kwa fedha za dawa na siku za shule za mtoto, naye hakuuza wala kununua. Huo si uungwana. Sisi twaona kwamba bei ya tofali iwe na bei ya kuziba shimo ndani yake. Mwenye kuuza udongo apatane na wafyatuaji tangu siku ya kwanza: kazi haijaisha, wala malipo ya mwisho hayatolewi, mpaka shimo limesawazishwa. Bei itaongezeka kidogo. Lakini bei hiyo tunailipa hata sasa, ila anayeilipa ni mtoto.

Haya ndiyo tunayoyashauri:

Kwanza, matofali yafyatuliwe kwa kushusha kichuguu hadi usawa wa nchi, pasichimbwe chini yake. Ikiwa hapana budi kushuka, shimo lianzie upande wa mteremko, liachiwe mlango wa maji.

Pili, kazi ya kuziba ifanywe kati ya Agosti na Oktoba, kabla ya mvua. Vipande vya matofali yaliyovunjika, majivu na udongo wa tanuru viko pale pale, virudishwe ndani. Juu yake pawekwe udongo mzuri na takataka za shambani, ipandwe migomba. Mgomba hupenda mahali penye unyevu, na shimo lililoleta homa litaleta ndizi.

Tatu, anayetaka kuligeuza shimo kuwa bwawa la samaki afanye hivyo kwa moyo wote, au asianze kabisa. Samaki hula viluwiluwi, kingo zikiwa safi. Lakini magharibi mwa Kenya wataalamu waliona kwamba mabwawa ya samaki yaliyoachwa, yakaota majani, yalikuwa na mbu wengi kuliko yale yanayotunzwa.

Nne, visima vya bustani vifunikwe, au vimwagwe na kusafishwa kila juma. Mapipa na mitungi ifunikwe vema. Matairi ya zamani yasiachwe nje yakapata mvua.

Tano, miti michache iachwe kandokando ya viwanja, na mipya ipandwe. Kivuli hupunguza joto la nyumba, nanyi mmeona joto linavyomsaidia mbu.

Sita, jambo hili lisiachiwe mtu mmoja. Mbu haheshimu mpaka wa kiwanja. Mtu mmoja akiziba shimo lake na majirani kumi wakaacha yao, amefanya vema lakini hakupona. Lizungumzwe katika mikutano ya jumuiya na ya mtaa, mkuu wa mtaa akiwapo, na siku iwekwe ya kutembea pamoja, njia kwa njia, kabla ya Novemba.

Kazi kwa wanafunzi

Chukueni daftari na kalamu, mwende na mkubwa mmoja, wala msiingie katika shimo lo lote lenye maji, kwa maana watoto wamekwisha kufa humo. Chora ramani ya njia mnayokaa. Weka alama mahali pote maji yanapokaa zaidi ya juma moja baada ya mvua. Kisha jibu maswali haya:

1. Maji haya yako wazi kwa jua, au yana majani na kivuli? Ni mbu gani kati ya wale wawili angeyapenda?

2. Shimo hili lilichimbwa kwa kazi gani, na kazi hiyo imekwisha au inaendelea?

3. Ni nyumba ngapi zilizo karibu nalo kwa hatua mia tano?

4. Nani anapaswa kuliziba, na anahitaji msaada gani ili aweze?

Swali la nne ni gumu kuliko yote. Mlijibu pamoja na wazazi, na jibu lisomwe mbele ya darasa.